Bihogo, Zizi la Marehemu Polikarpi Mbonimpa

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, ndugu zetu wa Kiruruma, ninyi mliotoka Nyakatuntu tangu alfajiri, wakwe zetu, majirani, madereva na mafundi mliofunga karakana zenu pale Omurushaka ili mje kukaa nasi kwenye majani haya, wazee wote shikamooni. Mimi ni Placidius, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea historia ya kaka yangu Polikarpi Mbonimpa, ambayo ilikuwa isomwe saa saba mchana, na sasa mnaona wenyewe jua limefika wapi. Mmekaa na njaa, mmekaa na kiu, na baadhi yenu sababu ya kiu hiyo mnaijua tayari, kwa kuwa mlipita barabarani mkainusa. Nitafika hapo. Naomba mnivumilie, maana leo nina aibu, tena kubwa, na siwezi kusoma kama mtu asiye nayo.

Marehemu Polikarpi alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, akiwa mtoto wa kwanza wa kiume wa mzee wetu Mbonimpa na mama yetu Costansia, ambao walivuka mto kutoka Rwanda wakitafuta vibarua vya kahawa, wakiwa na sufuria, mkeka na ng'ombe wawili, na akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alianza mafundisho ya katekismu mwaka 1942, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka mwaka 1947, si kwa ujinga, msije mkamwonea, bali kwa sababu ng'ombe walikuwa wameongezeka na mchungaji alikuwa ni yeye. Alichunga miaka mitano. Huko porini ndiko alikojifunza kutazama kitu kinachoumwa kisichoweza kusema.

Sasa kuna jambo la nyumba yetu ambalo lazima niliseme hapa, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa mambo ya leo. Baba yetu alitufundisha kwamba mwenye zizi akifa, kabla mwili haujateremshwa kaburini, mtoto anayetaka kurithi huingia zizini peke yake, akampapasa kila ng'ombe kuanzia puani hadi mkiani, kisha huja kusimama miguuni mwa marehemu na kueleza hali ya zizi mbele ya wazee, mzima asemwe mzima na mgonjwa asemwe mgonjwa. Akimaliza hukabidhiwa fimbo ya kuchungia. Ng'ombe wakiwa wagonjwa si aibu, ugonjwa ni wa Mungu, lakini kumficha ng'ombe mgonjwa siku hiyo, mbele ya aliyekulea, hiyo kwetu ni aibu isiyofutika.

Baba yetu alifariki mwezi Agosti 1957, na msibani pale alikuwapo mchuuzi wa ng'ombe kutoka Muleba, amekaa na fedha kibindoni, anangoja tuzike ili achukue mitamba wanne. Wajomba zetu walimnong'oneza Polikarpi aseme zizi ni zima, basi, mengine tutajua wenyewe. Kijana akaingia zizini, akapapasa, akatoka, akasimama miguuni mwa baba akasema kwamba mitamba wawili wana ndigana, masikio yao yanawaka moto na tezi zimevimba, na kwamba asiyeamini aende akaguse. Mchuuzi akajiondokea zake. Wajomba walikasirika hadi mmoja wao akakataa kula, lakini wiki haikuisha wale mitamba wakafa, na yule mchuuzi alipopata habari akarudi mwenyewe, akanunua waliobaki bila hata kuwatazama meno, akisema neno la mtoto wa Mbonimpa linamtosha. Ndipo fimbo ile, ya mti mweusi, yenye kipini kilichong'aa kwa viganja vya baba yetu, ikawa ya Polikarpi. Mtaisikia tena fimbo hiyo.

Kuhusu kazi, marehemu aliingia karakana ya misheni mwaka 1952 kama mfagiaji, akaanza kushika spana, na kufikia mwaka 1961 alikuwa fundi na dereva, akaajiriwa na chama cha ushirika kuendesha lori la kahawa. Mwezi Oktoba 1978, vita vilipoingia katika mkoa wetu, ambao wakati huo tulikuwa bado tunauita Ziwa Magharibi, lori lake lilibeba watu waliokimbia na magodoro yao vichwani, likabeba mahindi, likabeba askari, likabeba na majeruhi, na vipuri havikuwepo, hata mkanda wa feni ulikuwa kitu cha kuota ndotoni. Magari mengi yaliachwa pembeni mwa njia mwaka ule. La kwake lilirudi mwaka 1979, bovu la taa na la viti, lakini injini yake inaunguruma. Alipoulizwa dawa aliyotumia akasema hana dawa yoyote, yeye alikuwa anafungua boneti kila asubuhi wakati wenzake wanatafuta chai.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Speciose Mukabera, Jumamosi ya tarehe 23 Julai 1960, na Mungu akawajalia watoto, ambao walio hai ni Ildefonsi, aliyezaliwa mwaka 1961, ambaye ni karani huko Bukoba, Anonciata wa mwaka 1964, aliyeolewa hukuhuku Kiruruma, na Apolinary, kitinda mimba, wa mwaka 1968. Shemeji Mukabera amekaa pale, mnamwona. Alimvumilia mume ambaye shati lake la Jumapili lilikuwa na alama ya oili mgongoni, kwa kuwa hata akienda misani, akikuta gari la mtu limeegeshwa linadondosha kitu, hapiti bila kulala chini yake.

Naja sasa kwa Bihogo. Mwaka 1981 chama kilimpunguza kazi, naye akaamua kununua pikapu ya mkononi, ya dizeli, ili abebe ndizi, kahawa na wagonjwa. Nilikwenda naye. Pikapu ya kwanza ilikuwa pale Omurushaka, imepakwa rangi mpya, magurudumu yamesuguliwa, mwenyewe ametuandalia kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo cha wageni, na kaka yangu, kabla hajaketi, akapitisha kiganja juu ya injini. Ilikuwa na joto. Akaaga palepale. Mwenye gari akaona ametukanwa, akafoka, na mimi nikamwambia kaka yangu jamani hata kahawa ya watu hujaonja, naye akanijibu tukiwa njiani kwamba mtu anayewasha gari kabla mnunuzi hajafika ni sawa na mtu anayempaka ng'ombe siagi siku ya soko, kuna kitu hataki uone, na dizeli ikiwa na ugonjwa utaujua inapoamka baridi, si inapokuwa imeshachangamka.

Ya pili tuliikuta kwa mwalimu mmoja huko Kyerwa, chini ya mparachichi, kuku wamelala juu yake, imepauka rangi hadi ikawa nyekundu ya udongo. Injini baridi kama jiwe la mtoni. Kaka yangu akachomoa kijiti cha oili, akainusa, akaifikicha kati ya vidole, akafungua rejeta akatazama kama maji yana utando wa mafuta, akatandika majani ya migomba akalala chini akawa anagonga chasisi kwa jiwe, anasikiliza kama mganga. Ilipowashwa ikatoa moshi mweupe, mimi nikashika kichwa, yeye akainua mkono nisubiri, na kweli moshi ukakatika, haukugeuka wa bluu, ule wa injini inayokula oili. Akapandisha nayo kilima imejaa mawe, akairudisha, akaiacha imesimama, halafu akachuchumaa muda mrefu kutazama itadondosha nini, kama mchungaji anavyotazama kinyesi. Mwisho akamtajia mwalimu magonjwa yote ya gari lake, hata ambayo mwalimu hakuyajua, na wakapatana.

Ili ainunue aliuza zizi lote. Lote, wapendwa. Mama yetu Costansia, wakati huo bado yu hai, alikataa kumsemesha tangu masika hadi kiangazi, kwa sababu ng'ombe wale walikuwa uzao wa wale wawili waliovuka mto. Kaka yangu akamwambia mama kwamba zizi si tupu, lina mmoja, akaiita pikapu Bihogo, jina tunalompa ng'ombe wa rangi nyekundu iliyokolea. Na kwa kuwa geji ya dizeli ilikuwa imekufa tangu kwa mwalimu, akachukua fimbo ya baba yetu, ile ya mti mweusi, akawa anaichovya kwenye tangi kupima mafuta. Watu walicheka, na mama alilia. Lakini kila asubuhi kwa miaka kumi na minne fimbo ile iliingia kwenye tangi, na haikutokea siku hata moja Bihogo akazima njiani kwa kukosa dizeli, ninyi mnaoishi barabara hii ni mashahidi wangu.

Sheria zake mnazijua, alizisema hadi zikatuchosha. Hugusi ufunguo kabla hujafungua boneti. Dizeli ya pipa usipoichuja, umeinunua na maji yake. Gari likichemsha, zima, kaa chini, sali rozari, usimwagie injini ya moto maji ya baridi, maana chuma nacho hushtuka. Na rubisi, hii pombe yetu ya ndizi, haipandi Bihogo, si ndani ya dumu wala ndani ya dereva. Kwa sheria hizo alijenga nyumba mnayoiona, na jina lake likawa kubwa kuliko nyumba, hivi kwamba kuanzia mwaka 1985 hakuna mtu wa Karagwe aliyenunua pikapu ya mkononi bila kwanza kumwita Polikarpi ailalie chini. Wengine walimchukia kwa kuwaharibia biashara. Mchuuzi mmoja alimwambia wazi kwamba ana mdomo kama shimo la choo, naye akacheka, akamwambia basi leta gari lisilonuka.

Marehemu alianza kuugua mwezi Septemba 1995, kifua kikabana na miguu ikavimba, akalazwa, akatoka, akalazwa tena mwezi Desemba. Gari likabaki kwa vijana. Apolinary ndiye aliyekuwa anaendesha, Ildefonsi anatuma maagizo kutoka Bukoba, kahawa ya huyu, ndizi za yule, na kila jioni mgonjwa akiwa kitandani anauliza swali moja, Bihogo amelalaje. Anajibiwa amelala salama. Kaka yangu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 13 Februari 1996, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amepokea sakramenti zote, mkewe akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu, jioni ya Jumatatu, lilikuwa kwamba yeye hana tena ng'ombe, kwa hiyo zizi lake ni lile gari, na likaguliwe kama zizi.

Karatasi yangu inaishia hapo, wapendwa. Niliiandika jana. Ya leo hayamo, nayo nitayasema kwa mdomo wangu.

Asubuhi ya leo tulikwenda kumchukua marehemu hospitali. Hakuna aliyefungua boneti. Watoto wake wawili walikuwa wanabishana nani ashike usukani na nani ashike fimbo, nasi wazee tunaamua ugomvi wao, na neno la marehemu, ambalo nilikuwa nimewaambia wote, likabaki limelala kitandani hospitali. Tukaamua Apolinary aendeshe, na Ildefonsi, kwa kuwa ni kifungua mimba, akae mbele na fimbo ya babu yake. Tulipofika Omurushaka, Ildefonsi akasimamisha gari, akapakia madumu ya rubisi kwa ajili ya kuwapoza ninyi. Yaani rubisi ikapanda Bihogo, ikawekwa kando ya jeneza la mtu aliyeikataza, na mimi nilikuwa nimekaa mbele palepale, na mdomo ninao.

Kilima cha kuingia huku mnakijua. Katikati ya kilima mvuke ukaanza kutoka, gari likachemsha, tukashuka. Apolinary akasema tungoje lipoe, akasema mara ya pili, akasema baba angesema hivyohivyo. Mto uko bondeni, mbali. Jua kali, jeneza liko juani, Anonciata na akina mama wanalia. Ildefonsi akanyanyua fimbo akasema yeye ndiye mkubwa, kwamba baba hawezi kuanikwa juani kama kahawa akingoja chuma kipoe, kwamba rejeta inataka kitu cha majimaji na majimaji si hayo hapo kwenye madumu. Na Apolinary akamtii kaka yake. Akamimina rubisi kwenye rejeta ya Bihogo, injini ikiwa inawaka moto.

Mlisikia? Waliokuwa karibu walisikia. Ilipiga kelele ya kupasuka kama chungu kilichotiwa maji mekoni, povu likaruka hadi kwenye kioo, na harufu ya pombe iliyoungua ikajaa barabara nzima. Watu wa baiskeli wakapita wameziba pua, mama mmoja akauliza kwa sauti kama hawa wafiwa wameanza kunywa kabla ya kuzika. Ee Mungu wangu. Mimi nina miaka hamsini na minane, nimepigwa, nimelala njaa, nimefukuzwa kazi mbele za watu, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama leo, nikiwa nimesimama kati ya jeneza la kaka yangu na gari lake linalotoa povu. Mkaja ninyi, madereva na majirani, mkalitwaa jeneza mabegani bila kuuliza neno, mkapanda nalo kilima chote.

Sasa ya hapa nyumbani, na haya ndiyo mazito zaidi. Tulipofika, Ildefonsi aliwatangazia ninyi mliokuwa mkitungoja hapa kwamba gari liliishiwa dizeli. Akanivuta pembeni migombani, akaniomba na mimi nisome hivyo. Sababu yake ni kwamba Bwana Protase, mnunuzi wa mazao wa Omurushaka, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa ameahidi kumnunua Bihogo baada ya matanga, tena bila kuleta fundi, kwa heshima tu kwamba ni gari la Polikarpi. Ildefonsi akaniambia, baba mdogo, mama atakula nini, tukisema ukweli leo mama ana chuma chakavu, tukinyamaza mama ana bati jipya na chakula cha miaka. Wapendwa, sitajifanya mtakatifu. Nilimtazama shemeji yangu, nikatazama paa lake, nikakubali kwa kichwa.

Nanyi wakati huo mlikuwa mnauliza Apolinary yuko wapi. Niliwasikia. Mlisema mtoto gani huyu asiyebeba jeneza la baba yake, mlisema ametoroka, mwingine akasema ameifuata rubisi. Apolinary alikuwa amebaki kilimani. Alikaa kando ya Bihogo, akiweka kiganja juu ya injini, akiondoa, akiweka, hadi ikapoa kabisa, ndipo akafungua. Amefika hapa sisi tukiwa tunajiandaa kuanza, nguo zinanata rubisi, nzi wanamfuata, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akapita katikati ya wakwe zetu wenye kanzu na vitenge vyao bila kusalimia mtu, akasimama miguuni mwa baba yake.

Waliokaa mbele walimsikia, wa nyuma hamkusikia kwa kuwa alisema huku analia, kwa hiyo nitayarudia mimi. Alisema, baba, nimekagua zizi. Alisema kwamba oili ya Bihogo imekuwa kama chai ya maziwa, majimaji yameingia ndani yake, kwa hiyo silinda hedi imepasuka, na huenda bloku imepasuka pia, hajui, hawezi kuona hadi ifunguliwe. Rejeta ilikuwa inavuja tangu Desemba, naye aliiziba kwa sabuni, akaendelea kubeba kahawa. Mkanda wa feni ulikatika mwezi jana, akaufunga kwa mpira wa baiskeli. Springi moja nyuma ina jani lililovunjika. Na kila jioni alipoulizwa pale kitandani Bihogo amelalaje, alijibu salama hata jioni ambazo hakuwa ameinua boneti. Halafu akataja na vizima, chasisi nzima, gia nzima, breki nzima, pampu nzima. Na dizeli, kwa kuwa fimbo haikuwa mikononi mwake, aliipima kwa kijiti cha mti wa kahawa, akasema tangi limejaa zaidi ya nusu, kisha akaenda kujificha migombani.

Zaidi ya nusu. Nilikuwa nimesimama karibu na Ildefonsi, nikaona shingo yake inalowa jasho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kifo kilikuwa hapa mbele yetu, ndani ya sanduku, kinatusikiliza. Nikamtazama tena shemeji Mukabera, maana paa linalovuja ni lake, si langu wala si la Ildefonsi. Akaniambia maneno mawili tu. Shemeji, soma.

Bwana Protase, umesikia. Usimnunue Bihogo kwa jina la marehemu. Ukimtaka bado, njoo na fundi wako, njoo asubuhi, injini ikiwa baridi, ulale chini, ugonge, unuse, na utakachokikuta ndicho utakachopatana na mjane. Ukiamua kutokuja hatutakuwa na kinyongo nawe. Nanyi nyote mlioambiwa dizeli iliisha, mmedanganywa na nyumba ya Mbonimpa siku ya kumzika mtu ambaye hakuwahi kumdanganya mnunuzi hata mmoja, na ninawaomba radhi kwa niaba ya ukoo, mimi nikiwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Apolinary, mwanangu, toka huko migombani, acha kujificha. Njoo hivyohivyo, usioshe mikono. Ulivyomfanyia Bihogo ni vibaya, tena vibaya sana, na mimi na wewe tuna mazungumzo yetu tukimaliza matanga. Lakini uliingia zizini na hukuficha mgonjwa. Na wewe Ildefonsi, hiyo fimbo uliyoishika tangu asubuhi, sitakunyang'anya mbele za watu, wewe ni mtu mzima na una watoto. Unajua mwenyewe babu yako alivyotufundisha.

Ildefonsi anasimama. Mpeni nafasi, jamani, mpisheni. Ndiyo, mkabidhi mdogo wako fimbo. Ahsante, Ildefonsi. Ahsante, mwanangu. Shikaneni mikono, ndiyo, hata ikikuchafua hiyo suti, baba yenu alikuwa anakwenda misani hivyohivyo.

Wapendwa, kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu tangu Septemba, na waliomvumilia alipokuwa akiwauliza jenereta yao imebadilishwa oili lini. Namshukuru Baba Paroko kwa sakramenti na kwa kutungoja muda wote huu. Nawashukuru majirani wa Kiruruma kwa ndizi, kuni na maji, madereva na mafundi wa Omurushaka kwa mabega yenu, na wenzake wa chama cha ushirika waliokuja kwa miguu kutoka mbali. Madumu mawili ya rubisi yamebaki. Hayatanywewa hapa, samahanini sana, leo tutakunywa maji.

Kaka yangu Polikarpi, umekagua magari ya watu hadi mgongo ukapinda, sasa lala chali bila gari juu yako. Zizi lako si zima, lina mgonjwa mmoja, na tumemtaja mbele ya watu wote. Amani ya Bwana ikupokee.